Matendo 15 katika Nakala Mbili: Kodeksi ya Vatikano, Kodeksi ya Beza, na Ipi ya Kuifuata

Kila anayefundisha Kitabu cha Matendo ya Mitume hufika kwenye sura ya 15 na kukuta swali zito kuliko yote yaliyolikabili Kanisa katika miaka yake ya mwanzo: je, mtu wa Mataifa akimwamini Kristo, ni lazima atahiriwe na kuishika Torati ya Musa? Jibu la mkutano wa Yerusalemu, uliofanyika karibu mwaka 49, linajulikana sana. Hatalazimishwa tohara, lakini atajiepusha na mambo machache. Kisichojulikana sana ni kwamba orodha ya mambo hayo haifanani katika nakala za kale zilizoandikwa kwa mkono, wala tofauti hizo si za kalamu iliyoteleza. Ugomvi unaosimuliwa ndani ya sura hiyo uliendelea nje yake kwa vizazi kadhaa, na waliokuwa wakiinakili sura walikuwa miongoni mwa waliogombana.

Nakala mbili huonyesha jambo hili waziwazi kuliko nyingine zote, nazo ni Kodeksi ya Vatikano na Kodeksi ya Beza (kodeksi ni kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono). Mwaka 1926 James Hardy Ropes alichapisha Matendo ya kodeksi hizo katika kurasa zinazotazamana, Vatikano upande wa kushoto na Beza upande wa kulia, na tangu hapo wasomi wengi wamezoea kuzisoma hivyo. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya msomaji mwenye Biblia ya Kiswahili mkononi, ambaye amesikia mhubiri akisema kwamba "nakala nyingine za kale zina maneno tofauti", na ambaye anataka kujua ashike lipi na kwa sababu gani.

Nakala zenyewe

Kodeksi ya Vatikano iliandikwa katika karne ya 4, kwa Kigiriki peke yake, juu ya ngozi laini, safu tatu katika kila ukurasa. Imo katika Maktaba ya Vatikano, ambako orodha ya vitabu ya mwaka 1475 tayari inaitaja. Maandishi yake ya Matendo ni mafupi na hayana mapambo. Panapotokea sentensi ngumu au simulizi lenye pengo, kodeksi hii kwa kawaida huiacha sentensi na ugumu wake, na simulizi na pengo lake.

Kodeksi ya Beza ni ya karibu mwaka 400. Ina Injili nne na Matendo, pamoja na kipande kidogo cha Waraka wa Tatu wa Yohana, na lugha zake ni mbili: Kigiriki kwenye ukurasa wa kushoto na Kilatini kwenye ukurasa wa kulia, kwa mistari mifupi inayomsaidia msomaji kujua mahali pa kupumzika. Theodore Beza, mrithi wa Calvin huko Geneva, aliipata baada ya monasteri ya Mtakatifu Ireneo mjini Lyon kuporwa mwaka 1562, na mwaka 1581 akaikabidhi kwa Chuo Kikuu cha Cambridge, akishauri itunzwe badala ya kuchapishwa ili tofauti zake zisije zikawakwaza watu. Hofu yake inaeleweka. Matendo ya kodeksi hii ni marefu kuliko yale ya Vatikano kwa karibu sehemu moja ya kumi, na ziada hiyo imetawanyika katika kitabu kizima: sifa hapa, maelezo pale, sentensi nzima mahali pengine.

Jambo moja lazima lieleweke kabla ya kuendelea. Mtu aliyeandika Kodeksi ya Beza kwa mkono wake siye aliyebuni tofauti zake. Nyingi kati ya hizo zilikuwa tayari mikononi mwa askofu Ireneo wa Lyon karibu mwaka 180, yaani zaidi ya miaka 200 kabla ya kodeksi hiyo kuandikwa. Mnakili wa Beza alipokea maandishi yaliyokwisha kukomaa katika ugomvi, naye akayanakili kama alivyoyapokea. Kwa hiyo tunapoitaja "Beza" hapa, tunautaja mkondo wa maandishi ulioanza katika karne ya 2, na kodeksi hii ndiyo shahidi wake mkuu wa Kigiriki aliyesalia.

Orodha ya mambo manne na orodha ya mambo matatu

Katika Kodeksi ya Vatikano, barua ya mitume kwa waamini wa Antiokia, Siria na Kilikia (aya ya 29) inawaagiza wajiepushe na vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na nyama zilizosongolewa, na uasherati. Wakijilinda na hayo watafanya vema. Barua inamalizia kwa salamu ya kuagana. Ndiyo orodha ambayo msomaji wa Kiswahili anaifahamu, kwa kuwa Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, ina "nyama zilizosongolewa" katika aya ya 20 na tena katika aya ya 29.

Katika Kodeksi ya Beza, barua hiyohiyo inawaagiza wajiepushe na vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na uasherati, na yale wasiyotaka watendewe wao wasimtendee mwingine. Wakijilinda na hayo watafanya vema, wakichukuliwa na Roho Mtakatifu. Nyama zilizosongolewa hazimo. Hazimo katika aya ya 20, hazimo katika aya ya 29, na hazimo katika sura ya 21 aya ya 25, ambako Yakobo anaikumbusha amri hiyo mbele ya Paulo. Neno linalokosekana mahali pote patatu ndani ya kodeksi moja halikusahaulika, bali liliondolewa kwa makusudi, na sheria ya maadili ikawekwa karibu na mahali lilipokuwa.

Uzito wa tofauti hii unaonekana msomaji akiuliza kila orodha inazungumzia nini. Orodha ya Vatikano inafuata njia ya Mambo ya Walawi 17 na 18, mahali Torati inapotaja mambo yanayomhusu hata mgeni akaaye katikati ya Israeli: sadaka zinazotolewa kwa miungu mingine, kula damu, mnyama aliyekufa bila damu yake kumwagwa inavyopasa, na mahusiano ya mwili yaliyokatazwa. Ni masharti ya watu wawili tofauti kuweza kuketi kwenye meza moja. Myahudi aliyeamini hawezi kula pamoja na ndugu wa Mataifa ikiwa nyama iliyo mbele yao imenyongwa na damu ingali ndani yake. Yakobo mwenyewe anatoa sababu katika aya ya 21: tangu zamani Musa ana watu wamhubirio katika kila mji, na husomwa katika masinagogi kila sabato.

Orodha ya Beza imeondoka mezani. Neno la nyama likitoka, "damu" inabaki peke yake kati ya sanamu na uasherati, na msomaji wa Karthago au Lyon hana tena sababu ya kufikiria bucha. Anafikiria kumwaga damu, yaani kuua. Ndivyo Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Karthago, alivyoisoma. Katika kitabu chake kuhusu usafi wa maisha anaitaja amri yenye mambo matatu, naye anaona kwamba damu iliyokatazwa ni zaidi sana damu ya binadamu, hivyo amri inakuwa juu ya dhambi tatu kubwa: kuabudu sanamu, uzinzi na kuua. Sheria ya kutomtendea mwingine usilotaka utendewe inakamilisha mabadiliko hayo. Kanuni iliyowekwa ili Wayahudi na Mataifa wale pamoja imekuwa muhtasari wa maadili ambao mtu anaweza kuushika bila kukutana na Myahudi maisha yake yote.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka, nami naliona kuwa kiini cha kisa hiki. Maneno yaliyoingizwa ili kuipunguzia amri sura yake ya Kiyahudi ni mafundisho ya Kiyahudi. "Usimtendee mtu mwingine lile unalolichukia wewe mwenyewe" ni agizo la Tobiti kwa mwanawe katika Tobiti 4:15, na Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasimulia kwamba mwalimu Hillel alimjibu kwa maneno ya namna hiyo mtu wa Mataifa aliyetaka kufundishwa Torati nzima akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Maneno hayo yamo pia mwanzoni mwa Didakhe, kitabu cha mafundisho ya Wakristo wa kwanza. Aliyeirekebisha amri alikuwa anautupa mwiko wa chakula wa Kiyahudi kwa mkono mmoja na kuupokea wosia wa Kiyahudi kwa mkono wa pili, na huenda hakutambua hata kidogo kwamba vyote viwili vilitoka nyumba moja.

Ipi ni ya kwanza?

Ushahidi wa orodha ya mambo matatu ni wa kale na wenye nguvu. Ireneo anaijua pamoja na nyongeza yake, Tertuliani anaijua bila nyongeza, na Sipriani wa Karthago anaijua pia. Mfafanuzi wa karne ya 4 aliyeandika huko Roma, ambaye wasomi humwita Ambrosiaster, anadai kwamba ni Wagiriki walioziongeza "nyama zilizosongolewa" kwa kutoielewa amri. Hoja yake si ya kupuuzwa: mtu aliyesoma "damu" na kuielewa kuwa ni damu ya mnyama angeweza kuongeza neno la ufafanuzi, na ufafanuzi huo ukaingia ndani ya maandishi.

Hata hivyo naona mizani inaelemea upande wa Vatikano. Kadiri Kanisa lilivyozidi kuwa la Mataifa katika karne ya 2, ndivyo miiko ya nyama ilivyozidi kuonekana migeni, na mnakili au mwalimu alikuwa na sababu nyingi za kulifuta neno lisiloeleweka kuliko za kuliongeza. Zaidi ya hayo, orodha ya mambo manne inalingana na Mambo ya Walawi kwa namna ambayo mtu wa Mataifa wa karne ya 2 asingeitunga kwa bahati. Na kuna ushahidi wa upande wa tatu ambao unaonyesha kwamba maandishi haya yalivutwa pande zote mbili: mafunjo ya P45, ya karne ya 3, ambayo sehemu yake kubwa imo katika Maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin, yanaacha "uasherati" katika aya ya 20. Kwa mnakili huyo amri ilikuwa ya chakula tu, na neno lisilohusu chakula likaonekana kuwa limepotea njia. Orodha yenye mchanganyiko wa chakula na maadili ndiyo inayoeleza jinsi hizo nyingine mbili zilivyopatikana, kwa sababu mmoja alitaka kuisafisha iwe ya maadili na mwingine alitaka kuisafisha iwe ya chakula.

Lakini asije mtu akadhani kwamba waliofuta neno walianza mara moja kula damu. Katika mateso ya Lyon na Vienne ya mwaka 177, mwanamke aliyeitwa Biblis, alipokuwa akiteswa kwa tuhuma kwamba Wakristo hula watoto, aliuliza wangewezaje kula watoto watu ambao hawaruhusiwi hata damu ya wanyama wasio na akili. Maneno hayo yamehifadhiwa katika barua ya makanisa hayo, iliyonukuliwa na Eusebio wa Kaisaria. Huo ni mji wa Ireneo, ambaye amri yake iliyoandikwa haikuwa na nyama zilizosongolewa. Tertuliani naye, katika utetezi wake wa Wakristo wa karibu mwaka 197, anawaambia watawala kwamba Wakristo hujiepusha na wanyama walionyongwa au waliokufa wenyewe. Kwa hiyo maandishi yalibadilika kwanza, na desturi ikafuata polepole. Karibu mwaka 400 Augustino anaweza kuandika kwamba Mkristo anayekataa kula sungura aliyeuawa kwa kupigwa shingoni bila damu kumwagika huchekwa na wenzake. Upande wa Mashariki hali ilikuwa tofauti: baraza la Trullo la mwaka 692 lilikuwa bado linakataza kula damu, nalo lilitegemea maandishi yenye nyama zilizosongolewa.

Ugomvi unavyosimuliwa

Tofauti haziishii kwenye orodha. Mwanzoni mwa sura, Vatikano inasema tu kwamba watu waliotoka Uyahudi waliwafundisha ndugu kuwa wasipotahiriwa kwa desturi ya Musa hawawezi kuokoka, kukatokea mabishano, na wakaamua Paulo na Barnaba wapande kwenda Yerusalemu. Beza inaongeza kwamba mtu atahiriwe "na kuenenda" kwa desturi ya Musa, hivyo dai linakuwa pana zaidi ya tohara. Kisha inaingiza msimamo wa Paulo: alisema kwa nguvu kwamba wabaki vilevile walivyokuwa walipoamini. Na waliomtuma Yerusalemu, kwa mujibu wa Beza, ni walewale waliotoka Yerusalemu. Ndio waliowaamuru wapande ili wahukumiwe mbele ya mitume na wazee.

Msomaji anayezilinganisha ataona kwamba Paulo wa Beza ni kama mshtakiwa aliyeitwa mahakamani na bado hajatikisika, ilhali Paulo wa Vatikano ni mjumbe wa kanisa lake. Kwa mhubiri, simulizi la Beza linavutia zaidi, nalo linakumbusha sauti ya Paulo mwenyewe katika 1 Wakorintho 7, anaposema kila mtu akae katika hali aliyoitiwa. Mvuto huo ndio unaonifanya nisite. Maelezo yanayojaza pengo kwa kuazima kutoka waraka mwingine ni dalili ya mhariri aliyeujua waraka huo vizuri.

Nje ya sura ya 15

Katika Injili ya Luka, Beza ina kisa kifupi ambacho hakimo katika nakala nyingine yoyote ya Kigiriki inayojulikana. Baada ya Luka 6:4 inasimulia kwamba siku hiyohiyo Yesu alimwona mtu akifanya kazi siku ya sabato, akamwambia: "Mtu wewe, ukijua unalolitenda, umebarikiwa, lakini usipolijua, umelaaniwa, nawe ni mvunja sheria." Vatikano haina neno lolote la hayo. Kisa hiki hakiifuti sabato wala hakiilindi. Kinamtaka mtu ajue kwa nini ameiacha, na kinamhukumu vikali anayeivunja kwa kutojali. Kwa anayetaka kujua Wakristo wa kale walivyojadiliana juu ya sabato, aya hii ni hazina. Kwa anayetaka kujua Luka aliandika nini, haiwezi kusimama juu ya nakala moja tu.

Kinyume chake ni Luka 5:39, pale Yesu anaposema kwamba hakuna anywaye divai ya zamani akatamani mpya, kwa kuwa husema ile ya zamani ndiyo njema. Vatikano inayo, Beza haina, wala tafsiri nyingi za Kilatini cha kale hazina. Katika karne ambayo Markioni, aliyetengwa na kanisa la Roma mwaka 144, alifundisha kwamba Mungu wa Torati si Baba wa Yesu, na kukata sehemu nyingi za Luka alizoziona za Kiyahudi mno, aya inayosifu ya zamani ilikuwa na maadui wa kutosha.

Marko 7:19 inaonyesha jinsi herufi moja inavyoweza kubeba mzigo. Vatikano na Kodeksi ya Sinai, nakala nyingine ya Kigiriki ya karne ya 4, zina neno linalomfanya Yesu kuwa ndiye anayevitakasa vyakula vyote, na ndivyo Union Version inavyosema: "Kwa kusema hivi alivitakasa vyakula vyote." Nakala nyingi za baadaye zina irabu moja tofauti, na kutokana nayo maneno hayo yanakuwa sehemu ya maelezo kuhusu chakula kinavyopita tumboni na kutoka. Irabu hizo mbili zilikuwa zimeanza kutamkwa sawa, kwa hiyo sioni lazima ya kutafuta njama. Lakini anayejadiliana na ndugu wa kanisa linaloshika miiko ya vyakula anapaswa kujua kwamba nakala za kale zaidi ziko upande wa usomaji ulio wazi zaidi.

Mfano mmoja ulio mzito kuliko yote haumo katika kodeksi zetu mbili jinsi tulivyozipanga, kwa kuwa Beza haina nyaraka za Paulo, lakini siwezi kuuacha. Katika Wagalatia 2:5 Paulo anasema kuhusu waliotaka Tito atahiriwe kwamba hakuwakubali hata saa moja. Katika mkono wa kwanza (yaani maandishi ya mnakili mwenyewe kabla ya kusahihishwa) wa Kodeksi ya Claromontanus iliyoko Paris, ambayo nayo iliwahi kuwa mali ya Theodore Beza, neno la kukanusha halimo: Paulo anasema aliwakubali kwa saa moja. Tertuliani aliisoma hivyo, na akamshtaki Markioni kwamba ndiye aliyelichomeka neno hilo la kukanusha. Yaani Paulo aliyekataa kabisa na Paulo aliyelegeza kwa muda walikuwa wote wakisomwa makanisani, kila mmoja akiwa na nakala ya kumtetea. Vatikano ina ukanusho, na hoja nzima ya waraka inauhitaji. Hapa Tertuliani, aliyekuwa akimpinga mzushi, ndiye aliyeshika usomaji ulioharibika.

Je, Beza inawachukia Wayahudi?

Mwaka 1966 msomi Eldon Epp alitoa hoja kwamba Matendo ya Beza yana mwelekeo wa makusudi wa kuwalaumu Wayahudi zaidi. Ushahidi wake maarufu ni Matendo 3:17. Katika Vatikano Petro anawaambia watu wa Yerusalemu kwamba anajua walitenda kwa kutojua. Katika Beza anasema kwamba walitenda uovu kwa kutojua. Neno moja limeongezwa, na udhuru umegeuka kuwa nusu shtaka. Epp alikusanya mifano mingi ya namna hiyo, na ikisomwa kwa pamoja inashawishi.

Hata hivyo hoja hiyo ina mipaka, na msomaji anayechagua ni vema aijue. C. K. Barrett alijibu mwaka 1979 kwamba Beza huongeza chumvi katika mielekeo ambayo Luka anayo tayari, si katika huo mmoja tu. Josep Rius-Camps na Jenny Read-Heimerdinger walikwenda mbali zaidi na kuyaona Matendo ya Beza kuwa yameandikwa na mtu aliyeujua ulimwengu wa Kiyahudi kutoka ndani. Na upo mstari ambao nadharia ya chuki haiwezi kuubeba kwa urahisi: katika Matendo 18:21, Paulo anapowaaga watu wa Efeso, Beza inamfanya aseme kwamba ni lazima kwa vyovyote aifanye sikukuu inayokuja katika Yerusalemu. Vatikano haina maneno hayo. Hapa Beza ndiyo inayotupa Paulo mshika sikukuu za Kiyahudi. Mhariri aliyekusudia kuufuta Uyahudi popote alipouona asingeruhusu jambo hilo lipite. Mimi hukubali maelezo ya Epp katika aya moja baada ya nyingine, pale yanapothibitika, wala siyapokei kama ufunguo wa kodeksi nzima.

Kuchagua

Kwa kusoma kanisani, kufundisha katekesi na kujenga hoja ya imani, fuata Vatikano katika Matendo 15. Matoleo ya kisasa ya Kigiriki yana mambo manne, na Union Version inayo vilevile. Mwalimu hana haja ya kubadilisha neno, bali ana wajibu wa kueleza kwamba masharti hayo yaliwekwa kwa ajili ya ushirika wa meza. Anayehubiri kwamba sura hii iliondoa kila alama ya Uyahudi anahubiri kutoka Beza bila kujua, na anayehubiri kwamba ni sheria ya bucha tu amekwenda na P45.

Kwa kuisoma historia ya Kanisa katika karne ya 2, chagua Beza, tena bila kuionea haya. Hakuna kitabu cha wakati huo kitakachoeleza kwa ukaribu zaidi jinsi mkristo wa Mataifa alivyoipokea amri ya Yerusalemu na alipopata shida nayo. Picha za kurasa zake zimewekwa wazi na maktaba ya Cambridge, na za Vatikano zimewekwa na maktaba yake; hata asiyejua Kigiriki anaweza kuona kwa macho safu tatu zilizobana za moja na mistari mifupi ya nyingine.

Anayetaka kodeksi moja ya kuifuata kila mahali hataipata hapa, na Luka 23:34 ndiyo sababu. "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo" haimo katika Vatikano, wala haimo katika mkono wa kwanza wa Beza. Wapinzani hawa wawili wameungana kuliacha ombi hilo. Katika Kodeksi ya Sinai mnakili wa kwanza aliliandika, msahihishaji akaliwekea alama za kulifuta, na mwingine baadaye akaziondoa alama hizo. Ireneo alilijua. Wako wanaosema liliongezwa baadaye kwa kufuata mfano wa Stefano, na matoleo mengi ya Kigiriki leo huliweka ndani ya mabano mawili. Wengine husema liliondolewa na watu ambao, baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 70, waliona kwamba Wayahudi hawakusamehewa na hawakupaswa kuombewa. Naona sababu ya kuliondoa ni nzito kuliko sababu ya kulibuni, kwa kuwa karne ya 2 ilikuwa na watu wengi wa kuwashtaki Wayahudi na wachache wa kuwaombea msamaha. Kwa hiyo katika aya hii naziacha Vatikano na Beza zote mbili, nami nafuata mkono wa kwanza wa Sinai.